Mama Pua Kwenye Meza ya Makosa

Nianze na jina, maana jina ndilo lililoniponza. Watu wananiita Mama Pua. Si kwamba pua yangu ni kubwa, ingawa wifi yangu ana maoni yake kuhusu hilo na sikumwomba ayatoe. Jina nililipata kazini. Miaka kumi na tisa natengeneza jibini, na miaka yote hiyo nilikuwa nikifungua mlango wa chumba cha kukomazia, kabla hata sijawasha taa, nishajua ipi imeiva, ipi inataka kugeuzwa na ipi imeanza kwenda mrama. Wenzangu wa kazi walikuwa wakiniletea jibini zao zimefungwa kwenye gazeti. Nanusa, nasema, wanaondoka wameridhika. Nilikuwa najisikia, nisiseme uongo. Nilikuwa najisikia sana.

Basi mwaka jana nikapata mafua. Mafua ya kawaida tu, ya shuka na uji. Baada ya wiki mbili nikanyanyuka, nikabandika maziwa jikoni, nikageuka kukunja vitambaa vya kuchujia. Maziwa yakaungua nyuma yangu, nami nimesimama palepale nakunja vitambaa, mpaka jirani akaja mbio akidhani nyumba inawaka. Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Alipoondoka nikakata kitunguu, nikakisogeza puani. Hakuna kitu. Nikachukua siki. Hakuna kitu. Nikaenda chumba cha jibini, nikasimama katikati ya rafu zangu kama mtu aliyesimama ndani ya kabati tupu.

Daktari alinichungulia kwa tochi, akasema harufu huenda ikarudi, huenda isirudi. Nikamwambia hayo hata mimi ningeyasema bila kwenda chuo.

Sikumwambia mtu. Miezi minane! Utaniuliza kwa nini, nami nakuuliza wewe: fundi cherehani akianza kupofuka, anakimbilia kumwambia nani? Nilijua siku watu wakijua ndiyo siku ya kufunga kile chumba, na mimi nje ya kile chumba sijui ni nani. Mume wangu ameshafariki, watoto wako mbali na maisha yao. Nimebaki na wifi yangu, mdogo wake marehemu, tunaishi naye nyumba moja, pamoja na ng'ombe sita na jibini. Ulimi ulinibakizia mambo machache, chumvi, uchachu na uchungu, basi. Na vidole. Nikaamua vidole vitatosha. Na kweli, miezi minane yote hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika. Kila Jumamosi wifi anapeleka jibini madukani, anarudi na kikapu kitupu. Nikasema, ona, kumbe pua yenyewe ilikuwa pambo tu.

Ndipo ukaja ule mkutano. Watu wanaotengeneza jibini kwa mikono yao, wasio na viwanda, tulialikwa kukutana siku mbili katika chuo cha ufundi, kwenye darasa la mapishi, tujuane na tufundishane. Mimi nilisema siendi, ng'ombe watabaki na nani. Mkufunzi aliyeuandaa akanipigia simu mwenyewe. "Mama Pua," akasema, "usipokuja wewe, tutanusa na nani?" Ningekataa vipi? Nikasema nitakuja, na wifi akasema basi na yeye anakuja, na sikupata sababu ya kumkatalia. Ng'ombe tukamwachia jirani.

Siku ya kwanza ilipita salama. Tulikuwa watu arobaini, tumevaa makoti meupe na kofia za plastiki, wote tunafanana na mayai. Tukapima joto la maziwa, tukabishana kuhusu chumvi, mmoja akatuonyesha namna ya kukata maziwa yaliyoganda kwa waya wa gitaa. Nilicheka kuliko wote. Nilizungumza kuliko wote pia, wifi anasema, lakini huyo hata nikipumua anahesabu.

Siku ya pili asubuhi ikawa zamu ya meza ya makosa.

Hii ni desturi ya mkufunzi, na nakiri ni desturi nzuri. Kila mtu anakuja na jibini moja iliyomshinda. Zote zinapangwa kwenye meza ndefu, zenye nyufa, zilizovimba, zilizoota ukungu mweusi, aibu ya kila mmoja wetu mchana kweupe. Mwenye jibini anakaa kimya, wenzake wanashika, wananusa, wanaonja, wanasema wanachokiona. Baada ya hapo ndipo anajibu. Na ni marufuku kumcheka mtu mpaka acheke yeye kwanza. Mimi nilileta kajibini kenye ufa mdogo pembeni, kosa la kujipendekeza, lile ambalo watu wakiliona wanasema ah, hata hili nalo ni kosa?

Jibini ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Mzee wa watu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na sasa ana mbuzi tisa na ugonjwa huu wetu wa jibini. Alikuwa ameifunga kwa vitambaa viwili na karatasi. Alipokuwa anaifungua alikunja kila kitambaa kabla ya kuendelea, na nilimhurumia, maana niliijua ile hali ya kuweka kazi yako mbele za watu.

"Tuanze na Mama Pua," mkufunzi akasema.

Watu arobaini wananitazama mimi! Nikaishika ile jibini, nikaibonyeza kwa kidole gumba. Mwili wake ulikuwa mzuri, umeshikana, hauna mashimo. Nikavunja kipande, nikaonja. Chumvi sawa, uchachu sawa. Nikaisogeza puani, nikafumba macho kama ninavyofanya siku zote, maana watu wanapenda nikifumba macho, na nikavuta pumzi ndefu ya bure.

"Majani mabichi," nikasema. "Siagi. Na karanga kwa mbali. Sasa Mwalimu, kosa liko wapi hapa? Wewe umekuja kututambia tu."

Nilitegemea vicheko. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akaangalia viatu vyake. Mkufunzi akanitazama kama aliyesikia vibaya.

Mwalimu akanyanyua uso taratibu. "Mama," akasema, kwa adabu zote, na adabu yake ndiyo iliyonimaliza, "hii jibini inanuka sabuni. Sabuni ya kufulia, ile ya maua. Kila ninayotengeneza inanuka hivyohivyo, mwezi wa tatu sasa. Nimesafiri siku nzima nije kukuuliza wewe."

Uso ulinishuka. "Nina mafua," nikasema, nikaweka kipande mezani, nikatoka nje.

Nyuma ya lile darasa kuna korido, na mwisho wa korido kuna bomba na beseni la kunawia. Nikafungua maji, nikanawa mikono isiyokuwa na uchafu. Nilisikia viatu vya wifi vinakuja. Hana haraka yule, hata nyumba ikiungua atauliza kwanza ndoo iko wapi.

"Mafua," akasema.

"Ndiyo, mafua. Kuna sheria inayonikataza?"

"Wifi, mafua yako yaliisha mwaka jana."

Nikafunga bomba. "Unasema nini wewe?"

"Nasema ninachokijua. Hunusi. Hunusi chochote, na nimejua tangu mwezi wa pili baada ya mafua. Niliacha jagi la maziwa yaliyooza mezani, ukalipita mara tatu unaimba. Mara ya tatu ukaegemeza kiwiko pembeni yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu, kama kawaida yangu, aibu ikageuka hasira kabla sijaizuia. "Basi ujue na hili! Miezi minane nimefanya kazi kwa vidole hivi, na hakuna aliyerudisha hata jibini moja. Hata moja! Pua si kitu."

Wifi akasema, polepole, "Kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Jibini mbovu. Nimezitoa kikapuni kabla ya kufika madukani. Moja ilinuka kama miguu iliyoshinda kwenye buti. Mbili zilinuka zizi, si zizi zuri, zizi la ng'ombe mgonjwa. Moja ilinuka mayai, hiyo niliishika kwa majani. Nimechimba shimo nyuma ya banda, zote ziko humo."

"Hela zikipungua ulikuwa unaniambia umewapa watu waonje!"

"Ungependa nikuambie nini?"

"Ukweli! Umenifanya mjinga miezi minane!"

"Nimekufanya usiue mtu," akasema. Hakupandisha sauti. "Ile ya mayai ilikuwa inakwenda kwa yule mama mwenye mapacha."

Nilikuwa namjua yule mama. Kila Jumamosi anachukua jibini moja, anawakatia wale watoto pale pale dukani, kwa sababu hawana subira ya kufika nyumbani. Nikakaa chini kwenye sakafu ya korido, na koti langu jeupe, mtu mzima mimi.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Ungenisikia? Nikikuambia chai haina sukari unanitupia mwiko."

"Nilikutupia mara moja."

"Mara tatu. Na nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Maradhi yako, siri yako. Nikasema atachoka kuificha. Kumbe kuchoka huchoki!" Akachukua taulo, akanipa. "Mimi narudi ndani. Yule mzee amekaa pale na jibini yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani, na yeye ndiye mwalimu."

Akaondoka. Nilibaki pale, na sitaki kukudanganya, nilipiga hesabu ya kutoroka. Begi langu lilikuwa karibu na mlango. Ningeweza kwenda zangu nyumbani, nikasema nilizidiwa na mafua, na jina langu lingebaki. Mama Pua angebaki Mama Pua. Halafu Jumamosi ingefika. Nikawafikiria wale mapacha wananyoosha mikono. Woga ulinishika, woga wa kweli, kwa mara ya kwanza tangu yale maziwa yaungue. Miezi yote ile niliogopa watu wasijue. Sikuwahi kuogopa jambo lenyewe.

Nikainuka. Nikapiga moyo konde, nikarudi.

Walikuwa wameendelea na jibini ya tatu. Nilipoingia mkufunzi akasema, "Karibu, mama, pole na mafua." Nikamwambia asante lakini sina mafua. Nikaenda hadi mbele ya Mwalimu.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Umetoka mbali kuniuliza swali, nikakupa karanga na siagi. Mwalimu, mimi sinusi. Miezi minane sasa. Ningeweza kulala ndani ya pipa la siki nisijue. Nilisema maneno niliyozoea kuyasema, nikafumba macho kuwafurahisha. Naomba unisamehe."

Mwalimu akaniangalia, kisha akaiangalia jibini yake, kisha akaniangalia tena. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Majani mabichi!" akasema. "Mke wangu hataki hata iingie ndani ya nyumba, mama, na wewe unasema majani mabichi!"

Na mimi nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika meza. Nilipocheka mimi ruhusa ikapatikana, na watu arobaini wakaangua kicheko kilichonifanya nijisikie mwepesi kuliko siku zote za mwaka ule. Mmoja akauliza kama jibini yake niliyoisifia mwezi uliopita nayo ilikuwa ya hewani. Nikamwambia ailete tena, na kuku wa kuomba msamaha nitampa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujua ni ya upande upi.

Halafu nikampa Mwalimu jibu lake, maana hilo halihitaji pua. Ni vitambaa. Vinafuliwa kwa sabuni yenye manukato, na kitambaa kinaitunza ile harufu na kuihamishia kwenye maziwa. Achemshe kwa maji na siki kidogo, asuuze mara tatu, aanike juani, na ile sabuni ya maua aiachie mashuka. Akaandika yote kwenye daftari, akapiga mstari chini kwa rula. Ndiyo, alikuwa na rula.

Nilidhani mkufunzi atanipa pole. Hakunipa. Ni mwanamke mfupi, mkavu, na nilimpenda kwa hilo. "Nani anakunusia?" akauliza.

"Hakuna. Yaani, alikuwepo." Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha karibu na mlango, pale wanapokaa watu waliowasindikiza wenzao. "Wifi yangu. Alikuwa ananusa nami sijui."

"Basi mwombe ukiwa unajua."

Sasa hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kukiri mbele ya watu arobaini kulinipa taabu kidogo tu. Kumwomba wifi kitu, hiyo ni habari nyingine. Miaka ishirini na mbili tangu niolewe kwao sijawahi kumwomba hata kiberiti. Yeye hajui kuomba, mimi sijui kuomba, tumeishi kwa kunung'unika na tumeelewana hivyohivyo.

"Wifi," nikasema. "Nakuomba."

Akajibu kutoka kulekule nyuma. "Nina masharti."

"Sema."

"Naingia chumba cha jibini kila asubuhi, siyo kuosha masufuria. Kuingia. Nikisema hii itupwe, inatupwa, hatubishani mpaka jioni. Na mwiko ukiruka tena, natafuta pa kukaa."

Watu walikuwa wananitazama kama wanaotazama penalti. "Nimekubali," nikasema. "Ila kubishana kidogo uniachie."

"Kidogo," akasema wifi, akasimama.

Mkufunzi akaleta jibini yake mwenyewe, ya duara, yenye ganda la rangi ya mchanga, akaiweka mbele yetu. Akasema tuijaribu pamoja, tuone. Nikaichukua kwanza. Nikaipapasa pande zote, nikaigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza, maana jibini iliyoshikana inajibu kwa sauti moja. Hii ilijibu vizuri, isipokuwa upande mmoja ambako sauti ilizama. Wifi akakatiwa kipande. Akakishika kwa vidole viwili, akiona haya.

"Sijui maneno yenu," akanong'ona. "Karanga, sijui majani. Mimi siyajui hayo."

"Usiwaambie wao," nikamwambia. "Niambie mimi."

Akanusa. Hakufumba macho wala nini. Alinusa kama mtu anayenusa shati kuona kama litavaliwa tena. Akanusa mara ya pili, na uso wake ukabadilika.

"Unakumbuka yule paka wetu alipozalia kwenye gunia la maharage?" akasema. "Tukafungua stoo asubuhi, kaka akasema tusiwaguse. Ukaingiza mkono ukamtoa mmoja, ukaniambia nimnuse kichwani."

Nilikumbuka. Ee, nilikumbuka! Lile gunia kavu lenye vumbi kidogo, joto la yule paka, maziwa, na mume wangu mlangoni anatukaripia huku anacheka.

"Ndiyo hiyo," wifi akasema. "Ndiyo hiyo kabisa." Akainamia lile duara, akalinusa pia. "Ila pembeni hapa kuna kitu kingine, kama bomba la chuma asubuhi kabla maji hayajatoka."

Nikasogeza kidole pale alipoonyesha. Ulikuwa ule upande wenye sauti iliyozama, na chini ya ganda pakabonyea. "Hapa paliumia," nikasema. "Ganda lilipasuka, unyevu ukaingia. Paondolewe, nyingine yote ni nzima."

Mkufunzi akakuna shingo. "Iliniponyoka sakafuni," akasema. "Sikumwambia mtu." Watu wakacheka naye, maana alikuwa amecheka kwanza.

Kile kipande kilikuwa bado mkononi mwa wifi. Akakigawa, nusu yake, nusu yangu. Nikakiweka mdomoni. Ulimi ukaniambia chumvi na uchachu, kama kawaida yake, ukaishia hapo. Yaliyobaki nilikuwa nimeshaambiwa na wifi. Nikatafuna polepole, macho wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane nilijua ninakula nini.